Munyu Kwenye Ukingo wa Nyasi

Sisi tuliolelewa Kaloleni ya Nairobi enzi zile mlango ulifungwa kwa kipande cha kamba na hakuna aliyeingia, nyasi tunaijua. Tunaijua kwa magoti. Bano, yaani gololi, tulicheza kwenye vumbi, lakini kati ya kurushiana mpira, blada ya kuruka na kalongo ya kujipikia udongo zilikuwa za kwenye nyasi. Ukianguka unainuka na goti la kijani, halafu mama anakuuliza hiyo rangi unataka aitoe na sabuni gani. Mvua ikinyesha adhuhuri, saa kumi jua likirudi, nyasi ilinuka kama tikiti lililopasuliwa sasa hivi. Tulilala chali na midomo yetu ikiwa myekundu kwa mabuyu, tukabishana ni wingu gani linafanana na mwalimu gani.

Watoto wa leo nawaonea huruma kidogo, si sana. Wananunua nyasi ya plastiki, wanaitandika kwenye roshani, wanaipigia picha. Juzi kijana mmoja wa ploti ninayokaa sasa, ndevu mpaka kifuani, alipanda juu ya kiti akipiga nduru kwa sababu ya konokono mmoja. "Mathe, kuja uone! Hii kitu inatembea!" Nikamwambia, wacha itembee, wewe ndiye umesimama.

Sisi konokono tuliwagawanya makundi mawili. Yule mwenye gamba mgongoni tulimwita Mwenye Nyumba. Yule asiye na gamba, anayejivuta uchi na kuacha ute unaong'aa, tulimwita Mpangaji, tukasema huyo amefukuzwa na vyombo vyake vikabaki. Mwenye Nyumba hana madhara makubwa kwa nyasi. Mpangaji ndiye mwizi. Anakula ncha changa, zile zimepandwa juzi, na huja wakiwa wengi.

Kisa cha Wapangaji hao ndicho nataka kuwaeleza nyinyi wa rika langu, kwa sababu kilinitoa shule. Nitataja majina. Wengi wa hao watu wameshakufa, na walio hai wana namba yangu ya simu.

Baba yangu alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja huko Baba Dogo. Kila asubuhi anasimama getini na wenzake wanachaguliwa, wewe ingia, wewe rudi kesho. Lakini mkono wake ulikuwa wa nyasi. Alitoa vitawi kando ya reli, akavibeba ndani ya gunia lililoloweshwa maji, akavipanda mbele ya nyumba yetu kimoja kimoja, shubiri moja kutoka hapa hadi pale. Kipande chenyewe kilikuwa mikeka minne mikubwa, zaidi ya hapo hapana. Alikikata na slasha, halafu anapiga magoti anamalizia na mkasi wa mama wa kushonea. Mama alipiga kelele kuhusu ule mkasi mpaka akachoka. Na sisi tukikimbia kuingia ndani alisema, "Hiyo nyasi imekula jasho langu. Kanyagia kwa adabu."

Hakuipunguza sana, na hapo wengi mnakosea leo. Mnanyoa nyasi kama kichwa cha kuruti. Nyasi ikinyolewa, udongo unaungua juu na mizizi inakosa kivuli, halafu mnaimwagia maji jioni eti mnaiokoa. Maji ya jioni ni karamu ya Mpangaji. Baba alimwagilia asubuhi, jua likichomoza, ikifika saa nne juu pamekauka na chini pana unyevu.

Sasa kiwandani walikuwa wamepanda bustani mbele ya ofisi, na supavaiza mmoja, Bwana Kimeu, alikuwa anatafuta mtu wa kuitunza. Mtu wa kuandikwa, si kibarua. Baba akajisifu. Kimeu akamwambia, "Nimesikia mdomo. Jumamosi ijayo nitakuja kwako nione mkono."

Baba alirudi nyumbani siku hiyo akatukalisha mimi na kaka yangu Barasa kwenye benchi. Barasa alikuwa darasa la saba, mimi la sita, nashika nambari tatu au nne kila muhula. Akasema, "Nikiandikwa, nyote wawili mtasoma mpaka mchoke. Nisipoandikwa, mnafunga virago mnarudi Bungoma na mama yenu, na shule ya huko ni mwendo wa saa mbili." Mama alikuwa anachambua kunde, mikono ikasimama.

Kutoka siku hiyo tuliitazama ile nyasi kama watu wanaotazama sufuria ya maziwa motoni.

Kosa la kwanza lilikuwa la Baba, na kwenye orodha yangu ya waliokosea namtaja wa kwanza. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Mzee Athmani, fundi wa viatu vya ngozi aliyekuwa na kibanda Kariokor. Mkewe ndiye aliyetuletea kaimati mwezi wa Ramadhani, sahani imefunikwa na sahani, na mama hakuirudisha tupu hata mara moja. Mzee Athmani alifuga bata sita. Kila asubuhi hao bata walipita kwenye nyasi yetu wakitembea kama wanawake wanaotoka harusini, wanapekua, wanameza, wanakwenda zao. Walikuwa wanameza Wapangaji, lakini Baba aliona mavi tu. Aliposikia Kimeu anakuja akaweka waya kuzunguka nyasi. "Mzee Athmani, bata wako wasinichafulie. Nina mgeni."

Mzee Athmani akamjibu, "Sawa, Baba Barasa. Lakini ujue umefukuza askari."

Baba akacheka. Na ndani ya wiki hiyo hiyo alikuwa ameongeza ukingo mpya, vitawi vichanga pande zote ili kipande kionekane kikubwa. Mvua za masika zilikuwa zimeshika. Siku ya tatu tukaamka tukakuta ukingo umetafunwa, ute unameta kila mahali kama mtu amepitisha mshipi wa fedha. Jumatatu, na mgeni ni Jumamosi.

Hapa lazima niwaeleze habari ya munyu, kwa sababu kesi yote imekaa hapo. Sisi watu wa magharibi mwa Kenya kunde, mrenda na mito, mboga zetu za kienyeji, hatupiki na chumvi peke yake. Mama alikusanya maganda makavu ya maharagwe na ya ndizi, akayachoma mpaka yakawa jivu jeupe. Hilo jivu aliliweka ndani ya mkebe mkubwa. Kukitakiwa kupika, anatia kiasi ndani ya kopo lililotobolewa chini, anamwagia maji juu, na yale yanayodondoka, rangi ya chai ya rangi, anayahifadhi ndani ya birika kuukuu. Kijiko kimoja kinalainisha sufuria nzima ya mboga. Ukiyaonja matupu unababuka ulimi. Sasa sikilizeni: jivu mama aliliita munyu. Na maji yale pia aliyaita munyu. Neno moja, vitu viwili. Yeye alijua wakati gani anasema kipi, kama vile nyinyi mnavyosema kitu "kimeisha" mkimaanisha kizuri sana.

Mama ana jina kwenye orodha yangu. Jumanne jioni alikuwa na haraka, sukuma wiki zake za kuuza soko la Burma hazijafungwa, akaniambia bila kugeuka, "Nekesa, chukua munyu jikoni uzungushie ukingo wa nyasi. Mpangaji hapiti hapo."

Na alisema kweli. Jivu kavu ni dawa mpaka leo. Unaliweka mstari mwembamba, Mpangaji akifika tumbo linakauka, anageuka. Likilowa mvua unaweka lingine. Halichomi kitu. Ila mimi nilichukua birika.

Na nilifanya kazi safi! Nilikuwa mtoto wa rula. Daftari langu la hesabu lilikuwa na pambizo zilizonyooka kuliko za mwalimu. Nikaanzia pembeni pa mlango, nikatembea kinyumenyume nimeinamisha mdomo wa birika, tone kwa tone, kama watu wanaochora mistari ya uwanja kabla ya fainali. Kona nne nilizipiga kona kweli. Nikarudisha birika tupu jikoni, nikanawa, nikala.

Kufikia Alhamisi ukingo uligeuka njano. Ijumaa asubuhi ulikuwa kahawia, upana wa kiganja, umezunguka nyasi yote, umenyooka kama umechorwa na serikali.

Baba alisimama mlangoni na kikombe cha uji. Akakiweka chini. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Athmani, akagonga kama anavunja.

"Umemwaga chumvi kwenye nyasi yangu! Kwa sababu ya bata!"

Mzee Athmani akatoka na tasbihi mkononi, amevaa fulana na kikoi. "Chumvi? Mimi? Baba Barasa, ingia ndani uonje mchuzi wangu. Kama ningekuwa na chumvi ya kumwaga, wallahi, ningeanza na huo mchuzi."

"Usinifanyie mzaha. Kesho mtu anakuja!"

"Sikufanyii mzaha. Mke wangu yupo, muulize, jana nimekula kama mgonjwa."

Watu wakaanza kutoka kwenye milango. Mimi nilikuwa nyuma ya mama, nimeshika leso yake, na nilijua. Miguu ilinipeleka mbele yenyewe. Nikasema, "Ni mimi. Mama aliniambia nimwage munyu."

Mama akanigeukia. "Munyu wa mkebe! Jivu, wee mtoto!"

"Ulisema munyu."

"Na huo wa birika ni wa kupika!"

"Nao ni munyu."

Baba akatutazama, huyu, kisha huyu. Akauliza kwa sauti ndogo sana, "Kwani ndani ya hii nyumba kuna munyu ngapi?" Mzee Athmani akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka tasbihi ikaanguka. Baba hakunipiga. Nasema hilo pia, nikitaja makosa yake nitaje na hilo. Alikaa kwenye kizingiti akaficha uso, na mtoto akimwona baba yake hivyo ni afadhali achapwe.

Aliyetuokoa ni Mzee Athmani. Alikuja na kisu chake cha kukatia ngozi, kile kilichopinda kama mwezi mwandamo, akachuchumaa kwenye ukingo. "Hii imekufa vizuri," akasema. "Imenyooka kuliko soli zangu. Ing'oeni yote, safisheni udongo, mwambieni mgeni ndio mtindo." Tukang'oa, sote, na yeye, na mkewe. Tukaweka mchanga. Na asubuhi ya Jumamosi, kabla ya jua kuwa kali, Baba mwenyewe alifungua waya akawaita bata.

Bwana Kimeu alikuja saa tano na viatu vinavyong'aa. Akatembea kuzunguka nyasi mara mbili. Hakuisifu nyasi. Alisimama kwenye ukingo, akaukanyaga na ncha ya kiatu.

"Hapa umekata na nini?"

"Ni dawa yetu ya nyumbani, bwana," Baba akasema, shingo imenyooka.

"Pale ofisini nyasi inatambaa mpaka kwenye saruji. Kila wiki tunakata, kila wiki inarudi. Hii hairudi?"

"Hairudi mpaka mimi niiruhusu."

Akaandikwa hapo hapo, kwa mdomo, na Jumatatu kwenye karatasi. Siku hiyo tulikula kuku. Mimi nilitembea estate nzima nimefura, maana nilijiona ni mimi nimeandikwa.

Na kweli niliandikwa mimi.

Kwa sababu ule ukingo wa kiwandani ulikuwa mrefu kama barabara, na nyasi ya kutambaa haina aibu, baada ya wiki tatu inarudi. Baba akahitaji munyu wa maji, madumu kwa madumu. Mama alikuwa na sukuma zake, hawezi kuziacha. Nani atakusanya maganda kwa wauza maharagwe, nani ataokota ya ndizi Burma, nani atachoma, nani atachuja? Barasa? Barasa ni mvulana, na munyu ni kazi ya jikoni. Hivyo ndivyo Baba alivyosema, na mama akanyamaza, na kunyamaza kwake ninakuandika pamoja na maneno ya Baba. "Muhula mmoja tu, Nekesa. Halafu unarudi." Mwalimu wangu wa darasa alikuja kuuliza. Baba akamwambia atarudi muhula ujao. Muhula uliofuata mwalimu akaja tena, akajibiwa vile vile, akaniachia kalamu nyekundu. Wa tatu hakuja.

Barasa alisoma. Akafika chuo. Siku hizo akirudi nyumbani mimi ninapuliza moto, macho mekundu, alinipita na vitabu akisema, "Dada, moshi wako unanuka." Kaka yangu, na wewe umo kwenye orodha.

Nimepitia mengi tangu hapo. Kibanda changu cha biashara kimebomolewa mara tatu, mume alikwenda kununua mkate, mpaka leo anachagua. Nimezika Baba, nimezika Mama, nimesimama. Na kitu kimoja hakuna aliyenipokonya: nyasi naijua, na Mpangaji namjua kwa tabia. Nawapa bure. Tia machicha ya busaa, pombe ile ya mahindi, ndani ya kopo, ulifukie usawa wa udongo. Wanaingia kunywa, hawatoki, kama wanaume fulani tuliowajua. Tandaza kipande cha mbao kilicholowa, asubuhi kigeuze, utawakuta wamelala chini yake familia nzima. Wakusanye uwape kuku. Maganda ya mayai yaliyopondwa yanasaidia kidogo, hasa yakiwa makali. Chumvi ya dukani usiguse, inaua udongo. Na kama unaweza kupata bata, pata bata.

Mwaka huu, masika, Barasa alinipigia. Ana nyumba yake Ruai, nyasi kubwa mbele. "Dada, konokono wamenimaliza." Alikuwa amenunua dawa ya vidonge vya bluu, Mpangaji akabaki, mbwa wa jirani akafa. Nikaenda. Nikamkuta na kijana aliyemwajiri, wa bustani, ana cheti kimefunikwa nailoni. Nyasi wameinyoa mpaka ngozi. Maji wanamwaga jioni. Nikavua viatu, nikapiga magoti, nikawaambia niletewe jivu, tena kavu, nikataja mara mbili, jivu, jivu. Nikachora ukingo. Mkono bado umenyooka.

Yule kijana alinitazama akasema kwa heshima kabisa, "Mathe, hii kazi uko juu yake. Ulisomea wapi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu nimelinoa miaka mingi, lenye makali pande zote. Lakini Barasa alinitangulia. Alikuwa amesimama kwenye veranda, mwanamume wa mvi, mikono mfukoni.

"Hakusoma," akasema. "Alitolewa darasa la sita ndio mimi nisome. Sisi ndio tulimtoa."

Ndiyo mara ya kwanza mtu wa nyumba yetu kulisema kwa sauti, mbele ya mgeni. Mimi nilishikilia mkebe wa jivu. Sikulia, na sikumwambia haidhuru, kwa sababu inadhuru. Nilimwambia, "Basi shuka hapo juu, kaka, uje ushike upande wa pili." Akashuka. Akapiga magoti na suruali yake ya ofisini, tukamaliza ukingo pamoja, yeye wa kwake umepinda kama nyoka, nikamcheka waziwazi.

Jina lake bado liko kwenye orodha. Nimeliweka chini kidogo.

Kaloleni nilipita wiki iliyofuata. Pale mbele ya nyumba yetu ya zamani wametandaza matofali ya kabro, magari mawili yameegeshwa, na msichana wa darasa la sita au la saba alikuwa amekaa kwenye ngazi anafanya hesabu, hakuna anayemwita jikoni. Nilisimama nikamtazama mpaka akaniamkia. Enzi zetu kulikuwa na nyasi, na mtoto wa kike aliweza kutolewa shule kwa ajili yake, na watu wakaona ni sawa. Siku hizi nyasi hakuna, Mpangaji mwenyewe amehama, na yule mtoto anamaliza hesabu zake. Mkinilazimisha kuchagua nitachagua dawati lake, leo na kesho, sitafikiri mara mbili. Lakini asiniambie mtu kwamba nyasi ya Baba haikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri, jamani. Ilikuwa nzuri sana.